Msikilizaji Amekaa Wapi? Podikasti na Tamthilia za Sauti kwa Mashabiki wa Michezo ya Uhusika

Watu wanne au watano wamezunguka meza. Mmoja wao, mwendesha mchezo, anaeleza mahali na hatari iliyopo. Wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini. Na pale matokeo yanapokuwa na shaka, dadu inarushwa. Huo ndio mchezo wa uhusika wa mezani, na umekuwa ukiuzwa tangu 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Karibu kila kitu ndani yake hutokea kwa maneno. Ndiyo maana wazo la kuweka maikrofoni katikati ya meza hulijia karibu kila kundi linalocheza vizuri, na ndiyo maana pia rekodi nyingi za namna hiyo hazisikilizwi hadi mwisho hata na walioziweka.

Tatizo si vifaa, au tuseme si vifaa kwanza. Mchezaji anavumilia ubishi mrefu kuhusu kamba kwa sababu mhusika wake ndiye atakayening'inia kwenye kamba hiyo. Msikilizaji hana mhusika wala dadu, na zamu yake haifiki kamwe. Kinachomshika ni kitu kingine, na kinategemea swali ambalo watengenezaji wengi hawajiulizi kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi: msikilizaji tunamweka wapi? Amekaa mezani pamoja nasi, akisikia dadu zikigonga na watu wakicheka? Au yuko mle mle ndani ya hadithi, asijue kwamba kuna meza popote? Vyote viwili vinafaa. Kinachoharibu ni kumhamisha huku na huku bila kukusudia.

Njia mbili, na ya tatu ya pembeni

Kufuatilia mchezo wa wengine hakukuanza na podikasti. Mwaka 1986 jarida la Kijapani la Comptiq lilianza kuchapisha masimulizi ya vikao vya kundi lililokuwa na mwandishi Ryo Mizuno, yakiwa na maneno ya kila mchezaji, na kutokana nayo zikazaliwa riwaya na katuni za Record of Lodoss War. Mwaka 2008 kampuni ya Wizards of the Coast, yenye Dungeons & Dragons, ilitoa podikasti ya mchezo iliyowashirikisha wachora vibonzo wa Penny Arcade, nia ikiwa kulitangaza toleo la nne lililokuwa likiingia sokoni. Mwaka 2014 ndugu watatu wa ukoo wa McElroy pamoja na baba yao walianza podikasti ya The Adventure Zone. Machi 2015 likaja Critical Role, kundi la waigizaji wa sauti wa kulipwa ambao walikuwa wanacheza nyumbani kwa kanuni za Pathfinder, mchezo mwingine wa uhusika, wakahamia toleo la tano la Dungeons & Dragons, lenye kanuni nyepesi zaidi, walipoanza kurusha mchezo wao mtandaoni. Mwaka 2019 kundi hilo liliomba mashabiki dola 750,000 za kutengeneza katuni fupi. Zikachangwa zaidi ya dola milioni 11.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza: rekodi ya mchezo halisi. Msikilizaji yuko mezani. Anampenda mhusika, lakini anampenda pia mtu anayemchezesha, na sehemu ya raha ni kuwasikia wawili hao wakigongana. Mhusika ni shujaa asiyeogopa kitu, na mwenye mhusika anaguna kwa hofu akitazama dadu.

Njia ya pili ni tamthilia iliyoandikwa. Mfano mzuri ni Dark Adventure Radio Theatre ya H. P. Lovecraft Historical Society huko Marekani, iliyoanza 2006. Chama hicho chenyewe kilitokana na kundi la watu waliokuwa wakicheza kwa kuigiza uwanjani miaka ya 1980. Tamthilia zake hutengenezwa kana kwamba ni matangazo ya redio ya miaka ya 1930, na hufuatana na vipande bandia vya magazeti, barua na ramani. Aliyewahi kucheza Call of Cthulhu, mchezo wa uhusika uliotokana na hadithi za kutisha za Lovecraft huyo, anajua vitu hivyo vimetoka wapi: ndivyo mwendesha mchezo anavyowagawia wachezaji katikati ya upelelezi. Hapa hakuna dadu inayosikika, lakini shabiki wa mezani anapewa kitu anachokitambua mkononi.

Ya tatu, ile ya pembeni, ni podikasti ya mazungumzo: ushauri, uchambuzi wa kanuni, mahojiano. Inataka utafiti, mwongozo wa maswali na mwenyeji anayejua kunyamaza. Ni kazi ya redio ya kawaida, kwa hiyo siikawilii.

Katikati ya mbili za kwanza kuna mseto, yaani mchezo halisi uliopambwa kwa muziki na milio. The Adventure Zone ilielekea huko. Mwendesha mchezo wake, Griffin McElroy, alitunga muziki wa hadithi hiyo mwenyewe. Hata katika mseto, lile swali la kiti halikimbiliki. Mlio wa upanga ukiingia mara tu mchezaji anaposema "napiga", na dadu ikaja kuonyesha kwamba amekosa, msikilizaji amekwisha kusikia pigo ambalo halikutokea. Mlio ungoje dadu.

Mlango mmoja mara mbili

Tuchukue tukio dogo tulione kwa karibu. Hivi ndivyo linavyotoka mezani, ghafi:

Mwendesha mchezo: Mlango ni wa chuma, umeshika kutu, na kwa chini unapita mwanga.
Mchezaji wa kwanza: Nasikiliza kwanza.
Mchezaji wa pili: Mimi naufungua.
Mchezaji wa kwanza: Subiri bwana, nimesema nasikiliza!
Mchezaji wa tatu: Ile taa bado ninayo mimi, au?
Mwendesha mchezo: Haya, rusha ya usikivu.
Mchezaji wa kwanza: Kumi na moja… ongeza tatu… kumi na nne. Hapana, ni nne. Kumi na tano.
Mwendesha mchezo: Kumi na tano. (Kimya.) Kuna mtu anapumua upande wa pili.

Mhariri mwenye papara atakata ubishi na kimya, abaki na taarifa. Atakuwa amekata nyama akaacha mfupa. Ubishi ule ndio unaotueleza wahusika ni akina nani: mmoja mwangalifu, mwingine mkurupukaji. Kimya kile kabla ya jibu ndicho kinachotisha. Kinachofaa kutoka ni hesabu (abaki na "kumi na tano" tu) na swali la taa, isipokuwa kama taa itazimika baadaye. Ikiwa itazimika, swali hilo ni dhahabu na halipaswi kuguswa. Kwa hiyo mhariri wa mchezo halisi husikiliza kipindi kizima, ikiwezekana na vinavyofuata, ndipo aanze kukata. Hawezi kujua kipi ni mbegu kabla ya kuona kilichoota.

Sasa mlango huo huo katika tamthilia. Mwendesha mchezo hayupo, na hakuna wa kusema kwamba mlango ni wa chuma:

[Hatua zinasimama. Ukucha unakwaruza chuma.]
ZENA (ananong'ona): Kutu tupu. Huu haujafunguliwa siku nyingi.
BARUTI: Basi leo ndiyo siku yake.
ZENA: Baruti. Kama haujafunguliwa, huo mwanga umewashwa na nani?
[Kimya. Pumzi upande wa pili wa mlango. Nzito, ya mtu mzima.]

Mkwaruzo peke yake hausemi kitu. Masikioni unaweza kuwa sufuria, mnyororo au gari bovu. Neno "kutu" likiambatana nao, mlango unaonekana. Hiyo ndiyo kazi ngumu ya tamthilia ya sauti: neno na mlio vinategemeana, kila kimoja kikisema nusu. Wanaoanza huwapa wahusika mizigo ya maelezo, "naona umeshika upanga mrefu wenye mpini wa fedha", sentensi ambayo hakuna binadamu anayemwambia mwenye upanga. Dawa yake ni kumpa mhusika sababu ya kutaja kitu: anakidharau, anakiogopa, anakitaka. Zena hautaji mwanga kwa ajili yetu. Anautaja ili kumzuia Baruti.

Jambo lingine linalowapata watu wa mezani wanapoanza kuandika: mezani wahusika sita wanaweza kukaa chumba kimoja kwa saa nzima, kwa sababu miili ya wachezaji ipo. Kwenye sauti, mhusika asiyezungumza hayupo. Akikaa kimya kwa muda mrefu kisha akasema neno, msikilizaji anashtuka kana kwamba ameingia kupitia dirishani. Tukio la watu watatu wenye sauti zisizofanana lina nguvu kuliko la sita. Anayebaki kimya kwa sababu ya hadithi apewe kikohozi, hatua, au mtu wa kumwita jina.

Meza, dadu na chumba

Maikrofoni moja katikati ya meza hurekodi chumba kuliko watu. Kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapozidishwa mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja hupungua kwa takriban desibeli 6, ilhali mwangwi wa kuta unabaki karibu vile vile. Kwa hiyo kila mtu awe na maikrofoni yake, iliyo karibu naye kiasi cha upana wa kiganja kilichofunguliwa, ikiwa imeinama kidogo pembeni ya mdomo ili herufi p na b zisiipige. Kwa watu wengi katika chumba kimoja, maikrofoni za dainamiki zinafaa kuliko za kondensa, ambazo husikia pia jokofu la chumba cha jirani. Mafundi wana kanuni ya moja kwa tatu: umbali kati ya maikrofoni mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila moja na mdomo wa mwenyewe, vinginevyo sauti moja inaingia mara mbili ikichelewa, na kusikika kama inatoka kwenye bomba.

Kila maikrofoni iwe na traki yake, yaani rekodi yake peke yake. Hapo ndipo ubishi wa yule mwangalifu na yule mkurupukaji unapookolewa, kwa kuwa unaweza kushusha mmoja bila kumgusa mwingine. Wanaocheza kwa mbali wana nafuu kidogo: kila mmoja arekodi kwenye kompyuta yake, au kwa wanaotumia Discord, programu ya kuzungumza mtandaoni, roboti iitwayo Craig huhifadhi kila sauti kwenye faili lake. Wapige makofi pamoja mwanzoni na mwishoni. Lile la mwanzo linalinganisha traki, na lile la mwisho linaonyesha kama zimeachana njiani, jambo linalotokea kwa sababu saa za vifaa viwili haziendi sawasawa kabisa.

Dadu ndiyo adui na rafiki. Ikirushwa juu ya mbao tupu hutikisa stendi zote za maikrofoni, na mlio unaingia kama ngurumo. Ukiifuta kabisa, umemnyima msikilizaji wa mezani sekunde anayoingoja kuliko zote. Trei yenye kitambaa kizito, ikiwekwa mbali na stendi, inabakiza mgongano laini unaotosha.

Rekodi kwa biti 24, sauti za juu kabisa zikiwa karibu na desibeli hasi 12, maana mtu atapiga kelele dadu ya pande 20 itakapotua kwenye 20, na kelele iliyopasuka haishoneki. Kabla hamjaondoka, nyamazeni wote nusu dakika na kurekodi ukimya wa chumba. Huo ndio utakaojaza mahali ulipokata, kwa kuwa ukimya wa kompyuta ni mweusi kupita kiasi na sikio linautambua.

Mwishoni kuna suala la nguvu ya sauti. Apple inapendekeza podikasti zikae karibu na LUFS hasi 16 (LUFS ni kipimo cha wastani wa nguvu ya sauti jinsi sikio linavyoisikia), na kilele kisichopita desibeli hasi 1. Kwa mazungumzo ni rahisi. Kwa tamthilia ni mvutano wa kweli: mnong'ono wa Zena unataka kuwa mdogo, na mtu anayesikiliza akiwa barabarani hatausikia. Naona bora kumwamini mwigizaji kuliko kifaa. Mnong'ono ulioigizwa karibu na maikrofoni unabaki mnong'ono hata ukipandishwa sauti, kwa sababu sikio linasoma pumzi, halipimi desibeli. Usimweke pia mhusika upande mmoja tu wa stirio; anayetumia sikizi moja atampoteza kabisa.

Kanuni masikioni

Mashabiki hubishana sana kuhusu mchezo upi unafaa kurekodiwa. Ukweli ni kwamba kanuni nzito zinachosha zaidi kusikia kuliko kucheza. Katika Dungeons & Dragons raundi moja ya mapigano inawakilisha sekunde 6 za hadithi, na mezani inaweza kula muda wa kipande kizima cha kipindi. Fiasco, mchezo wa Jason Morningstar wa mwaka 2009, hauna mwendesha mchezo na unakwisha kwa kikao kimoja. Kwa kundi linalojaribu podikasti kwa mara ya kwanza, ni chaguo la busara kuliko kampeni isiyo na mwisho, yaani hadithi moja ndefu inayoendelea kikao baada ya kikao.

Lakini hata kanuni nzito zinasikilizika kama mwendesha mchezo anatamka dau kabla ya dadu kuruka. "Ukishindwa, kamba inakatika." Dadu. "Nane." Kamba inakatika. Msikilizaji hakuhitaji kujua nane inatokana na nini. Ukilinganisha na "rusha riadha… nane… haya, acha niangalie kitabu", mpango ni ule ule na muda ni ule ule, ila katika huu wa pili hakuna aliyejua aogope nini.

Na kwa kuwa meza inarekodiwa, makubaliano ya usalama yana uzito wa ziada. Wachezaji wengi wanazijua kadi ya X ya John Stavropoulos na mistari na mapazia ya Ron Edwards, zinazomwezesha mtu kusimamisha au kufunika jambo lisilomfaa. Kwenye podikasti ongezeni haki moja: mchezaji yeyote anaweza kuomba kipande kiondolewe kabla ya kutolewa, bila kueleza sababu.

Mali ya nani?

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa kuliko kwingine kote. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani, namna ya kucheza mchezo hailindwi. Kinacholindwa ni maandishi, michoro na wahusika wanaoielezea. Kurusha dadu ya pande 20 na kuongeza namba hakuna mwenyewe. Kusoma kwa sauti aya nzima za kitabu cha kampeni ni kutumia maandishi ya mtu.

Januari 2023 suala hili lililipuka. Rasimu ya leseni mpya ya Wizards of the Coast ilivuja, ikitaka kuchukua nafasi ya OGL, leseni huria iliyowaruhusu wengine kutumia kanuni za mchezo na iliyokuwapo tangu 2000. Wachezaji na wachapishaji wakaja juu, na tarehe 27 mwezi huo huo kampuni ikaitoa hati ya kanuni za msingi, SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons inayodai kutajwa kwa chanzo tu. Kwa mtengenezaji wa tamthilia hii ina maana kubwa: kilichomo katika hati hiyo unaweza kukitumia hata kibiashara, mradi umetaja kilikotoka. Ila hati hiyo haikupi nembo ya Dungeons & Dragons wala hadithi zilizomo katika vitabu vyao vya kampeni. Kwa mambo hayo kuna sera ya maudhui ya mashabiki, inayoruhusu matangazo, wadhamini na michango lakini inakataa kumdai msikilizaji malipo ili asikie. Kipindi cha siri kwa wachangiaji pekee, kilichojaa wahusika wa kampuni, kimevuka mstari huo.

Kugeuza kampeni iliyochapishwa kuwa tamthilia ni kuitohoa kazi ya mtu, na kunahitaji ruhusa ya mwenye kazi. Njia nyepesi ni kubuni ulimwengu wenu.

Muziki na milio vina mitego yao. Freesound, hazina iliyoanzishwa 2005 na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, ina sauti za leseni tofauti pamoja: nyingine huru kabisa, nyingine zinataka jina la mrekodi litajwe, nyingine zinakataza matumizi ya kibiashara. Hizi za mwisho ndizo zinazowaumiza watu, kwa sababu podikasti huanza bila senti na tangazo linakuja mwaka wa pili, wakati hakuna anayekumbuka ule mlio wa mlango ulitoka wapi. Andikeni daftari la kila mlio, mwenyewe na leseni yake, kuanzia kipindi cha kwanza.

Kisha mali ya kundi lenyewe. Hadithi ya mezani imetungwa na wote, na mhusika ametoka kichwani mwa anayemchezesha. Siku mnapotaka kuifanya tamthilia, je, Baruti anaweza kuigizwa na mtu mwingine? Yule aliyehama kundi ana haki gani kwa mhusika wake? Mapato yanagawanywaje, na mhariri aliyekaa na kazi hiyo usiku kucha anahesabiwa vipi? Ukurasa mmoja ulioandikwa na kusainiwa kabla ya kipindi cha kwanza unatosha kwa makundi mengi. Usisahau ndani yake jambo lisilo na mvuto hata kidogo: akaunti inayohifadhi vipindi, na mlisho wa RSS unaovisambaza, husajiliwa kwa barua pepe ya mtu mmoja. Jina lake liandikwe, wa pili wa kushika nywila atajwe, na ielezwe traki ghafi zinabaki kwa nani endapo kundi litavunjika.